Shimo lisilojaa, na safari ya kuunganisha nyumba na bomba la maji taka

Marehemu baba alikuwa na jambo moja la kujisifia kuhusu nyumba yetu ya kisiwani: shimo la choo halijai. Lilichimbwa kabla sijazaliwa, na mpaka anafariki hatukuwahi kuliitia gari la kunyonya. Wageni wakilalamika kwamba kwao gari huja kila mwaka, yeye hucheka tu.

Nami nilikuwa nikicheka, hadi watoto kadhaa mtaani walipoanza kuharisha na afisa wa afya akaja kuchota maji ya kisima chetu ayapime. Majibu yakaja kwamba maji yana vijidudu vya kinyesi. Akaniuliza, "Shimo lenu lilijaa lini mara ya mwisho?" Nikamjibu kwa fahari ile ile ya baba. Akaniambia, "Basi yale yote yamekwenda mahali, kaka. Hayakupotea."

Mombasa imekaa juu ya jiwe la matumbawe. Jiwe hili lina matundu na nyufa, maji hupita humo upesi bila kuchujwa kama yanavyochujwa na mchanga au udongo. Ndiyo maana shimo halijai, na ndiyo maana kisima kilicho karibu hakikauki. Nilipima kwa tepu kutoka shimo hadi kisima nikapata mita 9. Wataalamu wa afya hutaja angalau mita 30, na penye mwamba wa nyufa hata hizo si dhamana. Kwenye viwanja vyetu vya mjini, nani ana mita 30? Mama alisema tutachemsha. Kuchemsha huua vijidudu, ni kweli, lakini hakuondoi nitrati inayotoka kwenye kinyesi na mkojo, nayo ni hatari kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo. Nyumbani tulikuwa na mjukuu wa miezi 4.

Tukaamua kujiunga na bomba kuu. Naandika niliyoyaona kwa sababu watu wengi wamekuwa wakiniuliza.

La kwanza ni kujua kama bomba lipo. Mombasa ina mitambo miwili ya kusafisha maji taka, wa Kizingo kisiwani na wa Kipevu upande wa Changamwe, na mabomba yake yanafika sehemu tu ya mji. Sehemu kubwa ya Kisauni, Nyali na Likoni bado ni mashimo na matangi. Usikidanganye kifuniko cha chuma ukionacho barabarani. Huenda ni cha simu, au cha mtaro wa mvua, na mtaro wa mvua huishia baharini. Ulizia kampuni ya maji, wao ndio wenye ramani. Tangu katiba ya 2010 huduma ya maji na usafi iko chini ya kaunti, na kampuni hufanya kazi hiyo kwa leseni. Nilitakiwa kitambulisho, hati ya nyumba na bili ya maji. Nyumba ikiwa bado kwa jina la marehemu, kama yetu, anzeni na karatasi za mirathi mapema. Hapo tulikaa zaidi ya miezi miwili.

La pili, na hapa ndipo nilipokosea, ni kina. Nilileta fundi akaanza kuchimba kutoka chooni kuelekea barabarani kabla hatujajua bomba kuu liko chini kiasi gani. Tulivunja jiwe siku nne. Alipokuja mkaguzi wa kampuni alifungua chemba ya barabarani, akateremsha tepu, akasoma sentimita 90. Akaniambia nisimamishe kazi.

Hesabu yake ni hii. Maji taka hayasukumwi na pampu, yanateremka yenyewe. Bomba la inchi 4 mafundi hulipa mteremko wa 1 kwa 40, yaani kila mita 10 lishuke sentimita 25. Kwetu kutoka choo cha uani hadi barabarani ni mita 22, kwa hiyo lishuke sentimita 55. Bomba lilianza chini ya choo kwa sentimita 45. Jumla ni sentimita 100, nasi tuna 90. Tungefika chini ya bomba kuu! Mkaguzi alikubali mteremko wa 1 kwa 60, unaoshuka sentimita 37 hivi, tukafika kwenye 82. Lakini alitoa sharti: bomba lilale sawa pasiwe na tumbo hata mahali pamoja, na tuongeze chemba moja katikati. Fundi alipima kwa mpira wa maji kila hatua. Kama hata hivyo isingewezekana, ilibidi tuinue sakafu ya choo. Kwa hiyo kabla hujanunua hata bomba moja, omba chemba ifunguliwe na upime.

La tatu ni jirani. Njia fupi ilipita kwenye kichochoro cha Bi Mkubwa wa nyumba ya pili, mjane. Nilikwenda na mke wangu baada ya Asri, tukamwamkia, tukamweleza. Alinyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, mimi sikatai. Lakini nikifa, wanangu watajua vipi kwamba niliwapa ruhusa?" Alikuwa na haki. Tukaandikiana mbele ya mzee wa mtaa, na tukachora bomba linapopita. Nasi tukamwachia tundu kwenye chemba ya kichochoroni, siku akijaliwa naye ajiunge bila kuchimba upya, kampuni ikimkubalia.

Ya ndani ya ua ni mengi lakini si magumu. Kila bomba linapokata kona au kukutana na lingine panatakiwa chemba, ili likiziba uingize fimbo. Maji ya jikoni na ya kuogea hupitia kwanza kwenye kikombe chenye maji yanayotuama, hayo ndiyo yanayozuia harufu na mende. Bomba la kupumulia lipande juu ya paa. Bomba la maji safi likipishana na la maji taka, lile safi lipite juu. Na usifukie mtaro kabla mkaguzi hajaona; mwenzangu mmoja alifukia, akalazimika kufukua wote.

Jambo moja fundi alitaka kulifanya nikamkatalia: kuelekeza maji ya paa na ya ua kwenye chemba, "ua usituame." Bomba la maji taka halikupimwa kwa mvua ya masika. Nyumba kumi zikifanya hivyo, mvua ikinyesha chemba hufurika, na uchafu hurudi kwa yule mwenye choo cha chini kabisa mtaani. Kwetu, huyo ni Bi Mkubwa.

Gharama? Ada ya kampuni ilikuwa sehemu ndogo. Pesa ziliishia kwenye kuvunja jiwe, mabomba, saruji, na kurudisha barabara tuliyoikata, ambayo ilitaka kibali chake. Baada ya hapo bili ya maji taka huja pamoja na ya maji, ikihesabiwa kwa maji unayotumia.

Shimo la baba tulilinyonya, tukalijaza vifusi na mchanga, tukalisakafia. Usiliache wazi chini ya simenti nyembamba, huja kumeza mtu.

Kisima tulikipima tena baada ya miezi sita. Vijidudu vimepungua, havijaisha, kwani mashimo ya majirani bado yananywesha jiwe lile lile. Maji ya kunywa tunayatoa bombani au kwa mwenye mkokoteni. Ya kisima tunaoshea ua. Wiki iliyopita Bi Mkubwa alimtuma mjukuu wake aje kuuliza ile karatasi tuliyoandikiana iko wapi, kwa sababu wanawe wameanza kuchanga.