Bima ya Wazee wa Marekani na Mlango wa Uani

Mwaka 1974, nikiwa nimetoka chuo cha ualimu kwa muda usiofika mwaka mmoja, nilifundisha siasa darasa la saba. Nikagawa ubao sehemu mbili, ujamaa huku na ubepari kule. Upande wa ubepari niliandika kwamba katika nchi kama Marekani mzee asiye na fedha hufia nyumbani, kwa kuwa huko hospitali ni duka kama duka jingine. Watoto walinakili, na waliponirudishia maneno hayo katika mtihani niliwapa alama zote. Ilipita miaka zaidi ya 30 ndipo nilipojua kwamba siku ile wazee wa Marekani walikuwa na miaka 8 wakitibiwa kwa bima ya serikali yao. Deni hilo la ubaoni halijanitoka. Tena, mdogo wangu alikwenda huko kusoma mwaka 1976, akaoa, akafanya kazi, akazeekea huko huko, na katika mazungumzo yetu ya simu jambo hili limegeuka kutoka historia na kuwa dawa zake za kisukari.

Bima hiyo huitwa Medicare. Mbegu yake ilipandwa na Rais Harry Truman, aliyeliomba Bunge la nchi yake mwezi Novemba 1945 liweke bima ya afya kwa raia wote. Chama cha Madaktari wa Marekani kilimpinga kwa fedha nyingi na kwa neno moja tu, usoshalisti, neno ambalo kule lilitisha kama ubepari ulivyotutisha sisi. Pendekezo likafa. Waliobaki nalo wakapunguza madai: ikiwa haiwezekani kwa wote, basi iwe kwa wazee. Hoja hiyo ilikuwa ngumu kuipinga. Mzee huugua zaidi, mshahara wake umekwisha, na kampuni ya bima inayotafuta faida haimtaki. Katika miaka hiyo karibu nusu ya wazee wa Marekani hawakuwa na bima yoyote ya hospitali.

Madaktari hawakukata tamaa. Mwaka 1961 walitoa sahani ya santuri ambamo mwigizaji wa sinema, Ronald Reagan, aliwaonya raia kwamba bima ya namna hiyo ingewapotezea uhuru wao. Wake wa madaktari waliwaalika majirani kunywa kahawa, wakapiga sahani hiyo, kisha wakawahimiza wageni wawaandikie wabunge barua. Nakiri kwamba mbinu hiyo inanifurahisha, maana nasi tulikuwa na vikao vyetu vya kusikiliza redio na kukubaliana. Mwigizaji huyo alikuja kuwa rais mwaka 1981, na bima aliyoipinga aliikuta imesimama.

Ilipitishwa mwaka 1965. Tarehe 30 Julai Rais Lyndon Johnson alisafiri hadi Independence, Missouri, kwa mzee Truman aliyekuwa na umri wa miaka 81, akaitia sheria saini mbele yake, na Truman ndiye aliyepewa kadi ya kwanza. Matibabu ya hospitali yangelipiwa kwa makato ya mishahara ya wafanyakazi na michango ya waajiri wao. Huduma za daktari zingelipiwa kwa ada ya kila mwezi ya mzee pamoja na fedha za serikali.

Kuna jambo moja katika historia hii ambalo nalipenda kuliko mengine yote, nalo kwa kawaida hutajwa kwa haraka. Huduma zilipangwa kuanza tarehe 1 Julai 1966. Wakati huo hospitali nyingi za majimbo ya kusini zilikuwa na wodi za weupe na wodi za weusi, na nyingine hazikumpokea mtu mweusi kabisa. Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1964 ilikataza fedha za serikali kwenda mahali penye ubaguzi. Kwa hiyo serikali iliziambia hospitali: fungueni wodi zenu kwa wote, ama hamtapata hata senti ya Medicare. Ikatuma wakaguzi. Katika muda usiofika miezi minne zaidi ya hospitali 1,000 zilivunja mpaka huo. Kile ambacho mahakama na mahubiri havikukimaliza kwa miaka mingi, kilimalizwa na hofu ya kukosa malipo. Mdogo wangu alipofika miaka 10 baadaye akaumia mguu, alilazwa kitanda cha jirani na Mzungu, akadhani ndivyo ilivyokuwa tangu zamani.

Sasa tuingie kwenye ugomvi wenyewe wa ubinafsishaji. Ni lazima kwanza niseme kwamba Medicare haikuwa ya umma mia kwa mia hata siku moja. Madaktari walibaki na kliniki zao na hospitali zilibaki na wenyewe. Hata kazi ya kupokea ankara na kuzilipa ilipewa kampuni za bima tangu mwanzo, zikiwemo za Blue Cross. Cha umma kilikuwa fedha na ahadi: ukitimiza miaka 65, daktari yeyote anayepokea bima hiyo atakutibu, popote nchini.

Waliotaka kubadilisha ahadi hiyo hawakuwa wote watu wabaya. Walisema gharama zinapanda kila mwaka, wazee wanaongezeka, vijana wa kuwachangia wanapungua, na kampuni zikishindana zitabana matumizi kuliko ofisi ya serikali. Hoja hizo si za kuchekwa. Lakini kila walipogonga mlango wa mbele walifukuzwa. Mwaka 1995 chama cha Republican, kikiongozwa bungeni na Newt Gingrich, kilipitisha muswada wa kupunguza matumizi ya Medicare na kuwasogeza wazee kwenye bima za kampuni. Rais Bill Clinton akaukataa mwezi Desemba, tena kwa kalamu ile ile aliyoitumia Johnson mwaka 1965. Mabishano hayo ya bajeti yalifunga ofisi za serikali mara mbili. Mwaka 2011 mbunge Paul Ryan alileta mpango kwamba waliokuwa chini ya miaka 55, watakapozeeka, wapewe kiasi maalumu cha fedha cha kununulia bima ya kampuni. Baraza la Wawakilishi lilikubali kwa kura 235 dhidi ya 193. Mwezi uliofuata chama chake kikapoteza kiti cha jimbo moja la New York kilichodhaniwa ni chake, na siku moja baadaye Seneti ikaukataa mpango huo.

Wanasiasa wanawaogopa wazee wale, na wana sababu. Mwaka 1989 wazee wa Chicago walilizingira gari la mbunge mkubwa, Dan Rostenkowski, kwa hasira ya nyongeza ya Medicare waliyotakiwa kuilipia wenyewe. Sheria hiyo ilikuwa imepitishwa mwaka 1988. Ilifutwa kabla ya 1989 kwisha.

Mlango wa uani ulikuwa umeachwa wazi. Sheria ya mwaka 1982 iliruhusu serikali kuilipa kampuni kiasi maalumu kwa kila mzee anayejiunga nayo kwa hiari, nayo ibebe faida au hasara. Kiasi hicho kiliwekwa asilimia 95 ya kile ambacho mzee huyo angeigharimu serikali, yaani serikali ilitegemea kuokoa fedha. Mwaka 1997 mpango ukapanuliwa lakini malipo yakabanwa, na kampuni nyingi zikafunga virago, zikawaacha wazee wao wakitafuta pa kwenda. Ushindani ule uliosifiwa haukutaka kushindana kwa bei hiyo. Ndipo mwaka 2003 Bunge likaongeza malipo, katika sheria ile ile iliyowapa wazee bima ya dawa. Kura katika Baraza la Wawakilishi, ambayo kwa kawaida huchukua dakika 15, iliachwa wazi karibu saa tatu usiku wa manane hadi ikapatikana 220 dhidi ya 215. Bima za kampuni zikapewa jina jipya, Medicare Advantage.

Kuanzia hapo hapakuhitajika mswada mwingine wa kishindo. Wazee walihama mmoja mmoja, kwa saini zao wenyewe, na kufikia mwaka 2023 zaidi ya nusu yao walikuwa kwenye kampuni. Na ile akiba iliyotarajiwa? Mwaka 2024 tume inayolishauri Bunge lao kuhusu Medicare ilikadiria kwamba serikali inawalipia wazee wa kampuni asilimia 22 zaidi ya ambavyo ingewalipia katika bima yake ya asili, tofauti ya dola bilioni 83 kwa mwaka huo mmoja.

Nilipomsomea mdogo wangu tarakimu hizo alinyamaza, kisha akasema, "Kaka, mimi nilifuata meno." Alikuwa anasema kweli. Bima ya serikali haimlipii mzee meno wala miwani ya kawaida, inamwachia asilimia 20 ya gharama za daktari, na haina kikomo cha kile atakachotoa mfukoni. Wengi hununua bima ya nyongeza kuziba pengo hilo, nayo ina ada yake. Kampuni ilimpa meno, miwani na kikomo, bila ada ya ziada. Nani angekataa?

Sharti lake ni kwamba atibiwe na madaktari walio kwenye orodha ya kampuni, na matibabu mengi yaombewe kibali kwanza. Mwaka 2022 wakaguzi wa wizara yao ya afya walieleza kwamba kati ya maombi ya kibali waliyoyachunguza baada ya kukataliwa, asilimia 13 yalikuwa yametimiza masharti ya Medicare. Mwaka jana daktari wake wa figo alitolewa kwenye orodha. Akataka kurudi kwenye bima ya serikali, na kurudi kunaruhusiwa kila mwaka, kuanzia tarehe 15 Oktoba hadi 7 Desemba. Tatizo ni bima ile ya nyongeza. Alipotimiza miaka 65 isingeweza kukataliwa kwake. Sasa ana miaka 73 na kisukari, na katika majimbo mengi, likiwemo lake, kampuni ina haki ya kumpima na kumkataa.

Sisi husema mgonjwa haulizwi uji. Kule huulizwa kila mwaka, kwa vitabu vinene vya maelezo. Tulikaa kwenye simu jioni tatu, mimi na kalamu yangu ya risasi, yeye na makaratasi yake mezani, tukipiga hesabu ya asilimia 20 ya kitu ambacho hakuna ajuaye kitagharimu kiasi gani. Kampuni mbili za bima ya nyongeza zilimkataa. Ya tatu ilitaka ada ambayo pensheni yake haiifikii. Tarehe 7 Desemba ilipita hajasaini karatasi yoyote, na kwa taratibu zao asiyesaini huendelea pale alipokuwa.