Kigorowa na Majirani Zake: Historia ya Matumizi ya Lugha katika Eneo la Babati

Hali ya lugha ndogo za Tanzania aghalabu hupimwa kwa idadi ya wasemaji. Insha hii inatetea hoja kwamba kipimo hicho hakitoshi kueleza hatari inayokikabili Kigorowa, lugha ya wenyeji wa Babati na maeneo yanayouzunguka Mlima Kwaraa. Wasemaji wake bado ni wengi. Kilichopungua katika kipindi cha takriban miaka mia moja ni mahali pa kuisemea.

Kigorowa ni lugha ya Kikushi cha Kusini. Kiko katika tawi moja na Kiiraqw, Kialagwa na Kiburunge, na kinakaribiana na Kiiraqw kiasi kwamba wasemaji wa lugha hizo mbili huelewana. Ukaribu huo umekifanya kisahaulike. Whiteley (1958) alikitaja kwa muhtasari ndani ya maelezo yake ya Kiiraqw. Kiiraqw kilipata sarufi kamili ya Mous mwaka 1993, ilhali tasnifu ya Harvey kuhusu nomino za Kigorowa ilikamilika mwaka 2018, robo karne baadaye.

Mabadiliko ya kijamii yalitangulia uchunguzi huo. Katika enzi ya Waingereza, Wairaqw walishuka kutoka nyanda za juu za Mbulu wakitafuta mashamba na malisho, huku ufyekaji wa vichaka vya mbung'o ukifungua ardhi mpya. Barabara Kuu ya Kaskazini, iliyounganisha Arusha na Dodoma kupitia Babati, iliwaleta wafanyabiashara wa makabila mengine. Wambugwe na Warangi nao walikuwa majirani wa karibu. Soko likahitaji lugha ya wote, nayo ikawa Kiswahili. Baada ya mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Vijiji vya ujamaa vya miaka ya 1970 vikazikusanya kaya zilizokuwa zimetawanyika. Mwaka 2002 Mkoa wa Manyara uliundwa na Babati ikawa makao makuu yake, hivyo watumishi wa umma kutoka kila pembe ya nchi wakahamia mjini.

Hakuna hatua kati ya hizo iliyolenga kukifuta Kigorowa. Hata hivyo, kila moja ilikiondolea uwanja: kwanza soko, kisha darasa, hatimaye ofisi. Kilichobaki ni nyumba, shamba na mikutano ya wazee. Na katika nyumba za mjini ambamo wazazi wametoka katika makabila mawili, hata uwanja huo hauna uhakika.

Mfano wa Kiaasa, lugha ya wawindaji wa nyika ya Wamasai mashariki mwa Babati, unaonyesha mwisho wa njia hiyo. Jamii hiyo haikuangamia. Ilihamia katika Kimaasai hatua kwa hatua, hadi Petrollino na Mous (2010) walipokuta maneno na semi chache tu katika kumbukumbu za wazee. Watu walibaki, lugha ikaondoka.

Inaweza kupingwa kwamba Kiswahili kiliwawezesha Wagorowa na majirani zao kufanya biashara, kusoma na kudai haki kwa lugha moja. Faida hiyo ni ya kweli na insha hii haiikani. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 nayo inazithamini lugha za jamii kama hazina. Lakini hazina isiyo na nafasi darasani hutegemea familia peke yake, na familia ndiyo iliyobeba uzito wa mabadiliko yote yaliyotajwa.

Kwa hiyo, mwanahistoria wa lugha hana budi kuuliza maswali mawili kwa pamoja: ni wangapi wanaosema, na wanasemea wapi. Kwa Kigorowa, jibu la swali la kwanza bado linatia moyo. Jibu la pili ndilo linalodai hatua za haraka, wakati ambapo wazee bado wana wajukuu wa kuzungumza nao.