Njia ya Mabamba Matatu

Mashine mpya ya milingi, ile ya kuchonga chuma kwa kisu kinachozunguka, inapofikishwa karakanani, wageni huizunguka wakitazama skrini yake. Fundi wa siku nyingi ana haraka na jambo lingine. Huchukua kitambaa, akafuta mafuta ya kuzuia kutu mezani pa mashine mpaka chuma king'ae. Hufunga saa ya kupimia kwenye spindeli, mhimili unaozungusha kisu, akaizungusha spindeli kwa mkono, polepole, ncha ya saa ikitambaa juu ya meza: mbele, kulia, nyuma, kushoto. Haongei, macho yako kwenye mshale. Mshale ukihama kwa maikroni chache tu, yaani sehemu chache za elfu za milimita, ameshajua kuwa spindeli imeinama, na kila tundu litakalotobolewa hapo litainama nayo.

Nimesimama pembeni ya mafundi wa namna hiyo miaka mingi, na swali moja halijawahi kuniachia. Saa inaipima meza, sawa. Lakini bamba la kukagulia, lile ambalo karakana nzima huliamini, lilinyooshwa kwa kupimiwa nini? Ili ujue kitu kimenyooka, unakilinganisha na kilichonyooka. Na hicho je, kililinganishwa na nini? Nikaamua kuupanda mkondo huu kuelekea juu, kituo kwa kituo, nione chemchemi yake iko wapi.

Kituo cha kwanza ni London. Katika jumba la Science Museum kimehifadhiwa chombo cha shaba kiitwacho Lord Chancellor, jina la afisa mkuu wa sheria katika ufalme wa Uingereza. Kilitengenezwa mnamo mwaka 1805 na Henry Maudslay, mwana wa Woolwich aliyeanza kazi katika ghala la silaha la serikali akiwa na miaka 12. Ndani yake mna parafujo yenye mizunguko 100 kwa kila inchi, na gurudumu lililogawanywa sehemu 100. Geuza gurudumu sehemu moja, taya husogea sehemu moja ya elfu kumi ya inchi. Mafundi wa Maudslay walipobishana kuhusu kipimo, kesi iliishia kwenye chombo hiki, na ndiyo maana kikapewa jina la hakimu.

Maudslay aliacha kazi kwa Joseph Bramah mwaka 1797, baada ya kunyimwa nyongeza juu ya shilingi 30 kwa wiki. Akafungua karakana yake, akaunda mashine za kukereza parafujo zenye kitako cha chuma na mkono wa chuma ulioshika kisu. Kabla ya hapo fundi wa chuma kwa kawaida alikishika kisu kwa mikono yake, na usahihi wa parafujo ulitegemea pumzi zake. Kisha akawatengenezea wanamaji wa Portsmouth mashine za kuundia kapi za tanga, alizobuni Marc Brunel. Kwa mashine hizo watu 10 walifanya kazi iliyokuwa ikihitaji watu 110.

Kwenye meza za kazi za karakana yake ya Lambeth palikuwa na kitu cha kimya kuliko hivyo vyote: mabamba bapa ya chuma, yaliyowekwa pale ili kila fundi apimie kazi yake juu yake. Hapo ndipo alipofika mwaka 1825 kijana wa Stockport aitwaye Joseph Whitworth, na hapo ndipo swali langu linapoanza kupata jibu.

Chukua mabamba mawili ya chuma cha kusubu. Paka moja rangi nyembamba ya buluu, liweke juu ya lenzake, lisugue kidogo, kisha liinue. Rangi imehamia mahali palipoinuka. Chukua kikwangulio, uparue hapo tu, unyoe chuma chembamba kuliko unywele. Paka tena, sugua tena, kwangua tena. Mwishowe buluu itatapakaa kote kama madoa ya kanga, na mabamba yatakaliana barabara.

Je, yamekuwa bapa? Hapana, huna uhakika. Vifuu viwili vya nazi vikipachikwa, mgongo wa kimoja hukaa vizuri tumboni mwa kingine, na hakuna kilichonyooka kati yavyo. Mabamba mawili yanaweza kudanganyana hivyo hivyo, moja likawa na kitumbo na jingine likawa na shimo.

Sasa leta la tatu. Lilinganishe na lile lenye shimo mpaka yakubaliane. Maana yake na lenyewe limepata kitumbo. Kisha lilaze juu ya lile la kwanza. Vitumbo viwili vikikutana, mabamba hucheza kama mtumbwi mtupu, na uongo umefichuka. Endelea kuyazungusha, la kwanza na la pili, la pili na la tatu, la tatu na la kwanza, ukiyageuza robo duara ili msokoto nao usijifiche. Liko umbo moja tu linaloruhusu yote matatu yakubaliane kila moja na kila jingine: ubapa.

Nilipolielewa hilo mara ya kwanza nilikaa chini. Hakuna rula iliyotangulia. Hakuna mashine kubwa zaidi iliyozaa ile ndogo. Vitu vitatu vilivyopinda, vikisahihishana bila kuhurumiana, vinafika kwenye unyoofu ambao hakuna hata kimoja kilichokuwa nao. Mbinu yenyewe ilikuwa ikitumika karakanani kwa Maudslay. Whitworth, aliyekuwa amehamia Manchester, aliitangaza kwa wanasayansi waliokutana Glasgow mwaka 1840, akisisitiza mabamba yakwanguliwe kwa mkono, yasisuguliwe kwa unga wa msasa, kwa sababu unga huenda unakotaka wenyewe. Mwaka uliofuata akapendekeza parafujo za nchi nzima ziwe na pembe moja, nyuzi 55, na hatua zinazojulikana. Parafujo hizo ziliingia Afrika Mashariki pamoja na reli na mitambo ya Waingereza.

Kutoka hapo mkondo unapanuka, nami nitapita haraka. Mjini Providence, Marekani, Joseph R. Brown aliuza mwaka 1862 mashine ya milingi iliyoweza kukata mifereji ya keekee inayojiviringa, kazi ambayo watu waliifanya kwa tupa, mfereji mmoja baada ya mwingine. Mjini Eskilstuna, Sweden, Carl Edvard Johansson wa kiwanda cha bunduki alibuni mwaka 1896 seti ya vipande 102 vya chuma vilivyoweza kupangwa kutoa vipimo 20,000. Alivisugua nyumbani kwa cherehani ya mkewe aliyoigeuza mashine ya kunolea. Vipande hivyo ni bapa kiasi kwamba kimoja kikitelezeshwa juu ya kingine hushikana kana kwamba vimegundishwa.

Halafu Berlin. Profesa Georg Schlesinger alichapisha mwaka 1927 kitabu cha namna ya kuikagua mashine kabla mnunuzi hajaipokea: meza ipimwe hivi, spindeli hivi, reli zake hivi, na mkengeuko usizidi kiasi hiki. Kwa kitabu hicho mnunuzi alipata haki ya kusema hapana na kuonyesha sababu kwa tarakimu. Wanazi walimfunga mwaka 1933, naye, akiwa Myahudi, akaishia uhamishoni, akafia Uingereza mwaka 1949. Fundi anayezungusha saa juu ya meza leo, hata kama hajawahi kulisikia jina hilo, anamfuata Schlesinger.

Kompyuta inaingia wapi? Inaingilia Traverse City, Michigan, katika miaka ya 1940, ambako John Parsons alikuwa akitengeneza mapanga ya helikopta. Umbo la panga ni mkunjo mwororo, na kiolezo chake kilichorwa kwa kuunganisha nukta 17. Mwenzake Frank Stulen akatumia mashine za kadi za IBM kukokotoa nukta 200. Karakanani mtu mmoja alisoma namba kwa sauti, na wengine wawili wakageuza magurudumu, mmoja wa upande huu na mwingine wa upande ule. Kisu kikashuka, kikatoboa, kikapanda, namba inayofuata ikasomwa. Watu watatu hao ndio CNC ya kwanza, yaani mashine inayoongozwa kwa namba na kompyuta, kabla ya waya wowote.

Jeshi la anga la Marekani likagharamia wazo hilo mwaka 1949, na chuo cha MIT kikaonyesha mashine yake mwaka 1952: mashine ya milingi ya Cincinnati iliyosoma utepe wenye matundu, ikiongozwa na makabati yaliyojaa taa 292 za elektroni. Kila pigo la umeme liliisogeza meza nusu ya sehemu ya elfu ya inchi.

Hapo pakazuka tatizo ambalo mafundi walilijua siku zote. Gurudumu likigeuzwa kurudi nyuma, parafujo ya kawaida huzunguka kidogo bure kabla meza haijasogea. Fundi huusikia ulegevu huo kiganjani, akaufidia bila hata kufikiri. Kompyuta haina kiganja. Mkono ulipoondoka, ilibidi chuma kiwe bora kuliko zamani: parafujo zinazotembea juu ya gololi zilizobanwa zisiache nafasi, na vipimo vya kioo vinavyosoma mahali meza ilipo hasa, badala ya kuamini ilikoamriwa kwenda.

Kwa hiyo anayedhani kwamba programu ndiyo inayoleta usahihi amekosea mlango. Programu hutoa amri; unyoofu unakaa kwenye chuma. Kitako husubiwa kizito, kwa chuma ambacho chembe zake za kaboni humeza mtetemo, kisha huachwa kitulie ili mikazo ya kalibu iishe. Na katika viwanda vya mashine bora kabisa, kama Mitsui Seiki ya Japani na Moore ya Connecticut, watu bado huinama wakiwa na buluu na kikwangulio, wakihesabu madoa. Mabonde madogo yanayobaki hushika mafuta, na meza huteleza juu yake kama ngalawa kwenye maji matulivu.

Adui wa mwisho ni joto. Vipimo vya dunia vilikubaliwa mwaka 1931 viwe vya nyuzi 20 za Selsiasi. Mita moja ya chuma cha pua hurefuka takriban maikroni 11 hadi 12 kwa kila nyuzi moja. Dar es Salaam mchana, nyuzi 32, mita hiyo imerefuka zaidi ya maikroni 130. Niliwahi kushuhudia kazi iliyokubaliwa asubuhi ikikataliwa jioni, mashine ile ile, programu ile ile. Jua la alasiri lilikuwa likiingia mlangoni na kuchoma ubavu mmoja wa kitako. Tangu siku ile nikiingia karakana yoyote hutazama kwanza dirisha liko upande gani.

Mafundi wana kipimo kingine ninachokipenda kuliko vyote. Mwaka 1982 James Bryan, wa maabara ya Lawrence Livermore, alieleza fimbo yenye gololi mbili inayorefuka na kufupika, upande mmoja umeshikwa na meza na mwingine na spindeli. Unaiambia mashine ichore duara, fimbo inaandika kilichochorwa. Duara likiwa na ngazi mahali meza inapogeuza mwendo, parafujo imelegea. Likiwa yai lililolala mshazari, mihimili haikutani kwa pembe mraba. Mashine haiwezi kujitetea mbele ya duara.

Karibuni fundi mmoja mzee aliniona nikiangalia bamba lake la kukagulia, akaniuliza, "Unataka kujua au unatazama tu?" Nikamwambia, "Nataka kujua, mzee wangu." Akanipa kikwangulio. Akalisugua bamba juu ya lenzake, akaliinua, akanionyesha doa moja la buluu karibu na ukingo. Nikaparua. Kilichotoka kilikuwa vumbi jeusi la kujaa ncha ya kidole. Akapaka tena, akasugua, akainua. Doa langu lilikuwa limegawanyika mawili madogo, na jirani yake, ambapo hapakuwa na kitu, buluu ilikuwa imeanza kugusa. "Sasa lete lile la tatu," akasema.