Tairi la Pikapu ya Kuvuta Tela: Historia ya Uhaba na Mzigo kutoka Makoko

Katika Makoko, kata ya Manispaa ya Musoma iliyo kando ya Ziwa Viktoria, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Tanzania, tairi la gari la kazi lilidumu kwa muda mrefu si kwa sababu lilichaguliwa vizuri, bali kwa sababu hapakuwa na jingine. Mazoea ya kulitembeza hadi liwe kipara, yaani hadi kashata zake zote zifutike, yalizaliwa na uhaba, na athari yake huonekana zaidi pale pikapu inapofungwa tela.

Uhaba huo una historia ndefu. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na ile ya kutoka Tabora ikafika Mwanza mwaka 1928, hivyo bidhaa za viwandani zilizokusudiwa Musoma zilimalizia safari kwa meli. Wajapani walipoiteka Malaya mwaka 1942, mpira ulipungua duniani kote, na Waingereza wakaamua kufufua mashamba ya mpira ya Tanganyika yaliyopandwa enzi za Wajerumani. Baada ya uhuru, Serikali ilishirikiana na kampuni ya Kimarekani kuanzisha kiwanda cha General Tyre mjini Arusha, kilichopata baadaye mbia mpya, Continental ya Ujerumani, baada ya kampuni hiyo kuinunua ile ya Marekani mwaka 1987. Hata hivyo, kiwanda kilitegemea malighafi nyingi za kuagizwa nje, kwa hiyo upungufu wa fedha za kigeni uliofuatia Vita vya Kagera ulilifanya tairi jipya kuwa mali ya kusubiriwa, na lililokwisha barabarani likaendelea kuishi miguuni mwa watu kama katambuga. Kiwanda hicho kilisimama kabla ya mwaka 2010, na soko likabaki kwa matairi ya nje, mapya na ya mitumba.

Tangu hapo tatizo si kupata tairi tena, bali kulisoma, na maandishi ya ubavuni ndiyo yanayostahili kuangaliwa kwanza. Tairi lenye namba 7.50-16, lililozoeleka kwenye Land Rover na Land Cruiser za kazi, lina upana wa inchi 7.50 na hukaa kwenye rimu ya inchi 16. Namba ya mzigo ikiwa 115, tairi moja huruhusiwa kubeba kilo 1,215 likiwa na upepo wa kiwango chake. Ikiwa 121, kilo 1,450. Tarakimu nne za mwisho katika msimbo wa kiwanda huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba laweza kuwa na kashata nene huku mpira wake umekauka na kupasuka nyufa ndogo ubavuni, na kwa maoni ya mwandishi huu ndio udanganyifu mkubwa kuliko wote sokoni.

Kuvuta kuna hesabu yake pia. Tela iliyopakiwa vizuri hulalia ndoano kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, yaani tela ya kilo 2,000 huiongezea pikapu kilo 200 hadi 300. Na kwa kuwa ndoano iko nyuma ya ekseli, mzigo huo huinua kidogo pua ya gari na kuyaelemea matairi ya nyuma kwa uzito unaozidi kiasi hicho. Upepo ukiwa pungufu, ubavu hujikunja kila mzunguko, joto hupanda, na nyuzi za ndani huachana hata kama juu panaonekana pazima. Kwa hiyo mwenye pikapu wa Makoko anaponunua matairi ya kuvutia tela, atazame kwanza namba ya mzigo na tarehe, kashata zifuate, na apime upepo matairi yakiwa bado baridi, kabla ya kuondoka.