Butstrapi na Viwango vya Nishati

Butstrapi ni njia ya kupata viwango vya nishati vya chembe bila kuutatua mlinganyo wa Schrödinger. Jina limetokana na vitanzi vya buti, kwa msemo wa Kiingereza wa mtu anayejiinua kwa kuvuta vitanzi vya buti zake mwenyewe. Katika fizikia lilivuma miaka ya 1960 kupitia Geoffrey Chew wa Berkeley, aliyeamini kuwa tabia za chembe za nyuklia zingepatikana kwa sharti la nadharia kutojipinga yenyewe. Nadharia ya kwaki ilipoimarika, wazo hilo likawekwa kando kwa kiasi kikubwa, hadi wanafizikia Rattazzi, Rychkov, Tonni na Vichi walipolifufua mwaka 2008 kwa msaada wa kompyuta.

Mwaka 2020 Xizhi Han, Sean Hartnoll na Jorrit Kruthoff wa Stanford walilileta katika mekanika ya kwanta. Mfano wao wa mwanzo ulikuwa chembe moja inayotikisika katika bonde la nishati la x² + x⁴, x ikiwa mahali pa chembe. Tangu 1925 inajulikana kwamba mahali na mwendo wa chembe vikizidishwa, mpangilio hubadili jibu. Kutokana na kanuni hiyo, nishati na wastani wa x² vikishakisiwa, wastani wa x⁴, wa x⁶ na kuendelea hupatikana kwa hesabu tu. Kisha makisio hupimwa. Namba halisi ikizidishwa kwa yenyewe haitoi jibu hasi, na wastani wake vilevile. Wastani hizo zote hupangwa katika matriki, yaani jedwali la namba. Ikikiuka sharti hilo, nishati iliyokisiwa hutupwa. Kadiri matriki inavyokuzwa, makisio yanayosalia hubaki visiwa vidogo, kila kimoja kikizingira kiwango cha kweli. Cha chini kabisa ni takriban 1.392.

Sharti lenyewe ni la zamani: mwanahisabati Hans Hamburger alilithibitisha mwaka 1920, katika hisabati tupu. Nao wanafizikia Handy na Bessis, mwaka 1985, walitumia wastani wa namna hiyo kuweka mipaka ya nishati ya chini kabisa. Kazi yao inastahili kutajwa kila historia hii inaposimuliwa.

Kwa chembe moja, mbinu za kawaida za kompyuta hutoa jibu hilo kwa urahisi zaidi. Thamani ya butstrapi imo katika mifumo ambayo vigezo vyake vyenyewe ni matriki kubwa mno, ambako mlinganyo wa Schrödinger hautatuliki, na hiyo ndiyo iliyokuwa shabaha ya watafiti wa 2020.