Maji ya Bomba na Moyo wa Chura

Kwetu husemwa mgonjwa "ametundikiwa maji", na ni nadra mtu kuuliza ni maji gani. Swali hilo limechukua karibu miaka 200 kujibiwa.

Mwaka 1831 kipindupindu kiliingia Uingereza kupitia bandari ya Sunderland. Daktari kijana kutoka Ireland, William O'Shaughnessy, alipima damu ya wagonjwa akaikuta imepungukiwa maji na chumvi. Yeye alipendekeza tu zirudishwe. Aliyethubutu ni Thomas Latta wa Leith, Scotland. Mei 1832 alimtilia bibi mmoja aliyekuwa akikata roho maji yenye chumvi na soda mshipani, painti 6 katika nusu saa hivi. Bibi akapata nguvu na uso ukarudi rangi. Latta akamwachia daktari wa hospitali na kwenda kupumzika. Kuhara kukarudi, maji hayakuongezwa, na hazikupita saa 6 bibi akafa. Baadhi ya wagonjwa wake wa baadaye walipona, lakini Latta alifariki mwaka 1833 na mbinu yake ikaachwa kwa miaka mingi. Kwa maoni yangu, jina lake lilistahili kuandikwa kwenye chupa kabla ya la Ringer.

Huyo Sydney Ringer alikuwa London, akitafuta mchanganyiko wa chumvi utakaoufanya moyo wa chura uliotolewa mwilini uendelee kupiga. Mwaka 1882 alitangaza kwamba amefaulu kwa maji yaliyokenekwa. Kumbe yalikuwa maji ya bomba! Alipotumia yaliyokenekwa kweli, moyo ulidhoofika. Mwaka 1883 akajisahihisha kwa maandishi: kilichokuwa kikiusaidia moyo ni kalsiamu ya maji ya bomba. (Anayeishi London akichungulia ndani ya birika lake ataiona.) Miaka ya 1930 Alexis Hartmann, daktari wa watoto wa St. Louis, Marekani, akaongeza lakteti, ambayo ini huigeuza kuwa bikaboneti ya kupunguza asidi. Ndiyo Ringer lakteti ya leo.

Lakini kalsiamu ileile ina ugomvi wake. Damu ya kuongezewa huhifadhiwa kwa sitrati, inayoikamata kalsiamu ili damu isigande. Ukipitisha Ringer katika mpira huohuo, damu inaweza kuganda njiani, ndiyo maana kwa desturi damu huandamana na maji ya chumvi ya asilimia 0.9.

Antibayotiki ya seftriaksoni nayo hushikamana na kalsiamu ikafanya chembe ngumu. Mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kufuatia vifo vya watoto wachanga waliokutwa na chembe hizo kwenye mapafu na figo, wengine wakiwa wamepewa dawa na kalsiamu kwa mipira tofauti na nyakati tofauti. Kwa hiyo mtoto wa siku 28 au chini anayehitaji dripu yenye kalsiamu hapewi seftriaksoni kabisa. Mkubwa anaweza kupewa vyote viwili, kimoja baada ya kingine, na katikati mpira husafishwa kwa maji yanayopatana na vyote.