Miaka mia ya saladi ya Caesar: jiko la Tijuana na ugomvi usiokwisha

Julai 2024 mji wa Tijuana, kaskazini magharibi mwa Meksiko, ulisherehekea karne moja ya chakula. Kulikuwa na tamasha la siku tatu la mapishi na mvinyo, na sanamu ya mwenye mgahawa mmoja wa zamani ikaandaliwa kuzinduliwa. Kilichotimiza miaka mia ni saladi.

Ni ile saladi iitwayo Caesar, ambayo kwetu huku ni nadra kuikosa kwenye menyu ya hoteli ya kitalii, iwe Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi: majani ya letusi, vipande vya mkate uliokaushwa, jibini iliyokunwa na rojo jeupe zito. Walaji wengi hudhani jina limetoka kwa mtawala wa Roma, yule ambaye Mwalimu Nyerere alitujulisha kama Juliasi Kaizari alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare. Sivyo. Caesar wa saladi alikuwa mhamiaji wa Kiitaliano aliyeishi kwa kulisha watu, na mgahawa wake bado upo, chini ya hoteli yenye jina lake, kwenye Avenida Revolución, barabara kuu ya Tijuana.

Alizaliwa Cesare Cardini mwaka 1896 huko Baveno, mji mdogo ulio kando ya Ziwa Maggiore, kaskazini mwa Italia. Mwaka 1913, akiwa na miaka 17, alivuka Atlantiki katika daraja la chini la meli, akapitia Montreal, na hatimaye akafika California. Alifanya kazi za mgahawa Sacramento, kisha San Diego. Hadi hapo maisha yake hayakutofautiana na ya maelfu ya vijana wa Kiitaliano waliokuwa wakihama miaka ile.

Kilichombadilishia bahati ni sheria. Kuanzia Januari 1920 Marekani ilipiga marufuku kutengeneza, kusafirisha na kuuza pombe. Mwitaliano mwenye mgahawa asiyeruhusiwa kumwekea mgeni mvinyo mezani ana biashara nusu. Lakini San Diego iko karibu kabisa na mpaka, safari isiyofika kilomita 30, na upande wa pili sheria hiyo haikuwepo. Tijuana, iliyokuwa kijiji tu miongo michache kabla, ikajaa baa, kumbi za dansi na mashabiki wa mbio za farasi. Cardini akaendelea kuishi San Diego, lakini mgahawa wake akaufungua Meksiko. Wateja wakaja: watu wa sinema kutoka Hollywood, wanajeshi wa majini, marubani, na familia zilizovuka mchana kwa gari na kurudi nyumbani jioni.

Sasa tufike kwenye usiku unaosimuliwa.

Simulizi iliyoenea zaidi ni ya Rosa Cardini, binti wa Caesar. Kwa mujibu wake, ilikuwa tarehe 4 Julai 1924, sikukuu ya uhuru wa Marekani. Wamarekani walimiminika Tijuana kusherehekea kwa kinywaji walichonyimwa kwao, na mgahawa ukaelemewa. Jiko likaishiwa karibu kila kitu. Caesar akakusanya kilichobaki: letusi aina ya romaine, mayai, mafuta ya zeituni, kitunguu saumu, mkate wa jana, jibini ya Parmesan na chupa ya sosi ya Worcestershire. Akatoka navyo ukumbini na kuvichanganya mezani, mbele ya wageni, ili kile ambacho jikoni kingeonekana uhaba, ukumbini kionekane maonyesho. Wageni wakapenda, wakarudi wiki zilizofuata wakikidai.

Shahidi wa pili ana uzito zaidi, kwa sababu yeye alikaa mezani. Julia Child, mpishi aliyekuja kuwa mwalimu wa mapishi wa taifa zima kupitia televisheni ya Marekani, alizaliwa Pasadena, California, mwaka 1912. Katika kitabu chake cha 1975, From Julia Child's Kitchen, anakumbuka jinsi wazazi wake walivyompeleka kwa Cardini mwaka 1925 au 1926, akiwa binti mdogo. Wazazi walikuwa na shauku ya kuonja saladi iliyokwisha kupata sifa. Anasema Caesar mwenyewe alikuja akisukuma kitoroli hadi mezani kwao. Kilichomkaa akilini Child kuliko vyote ni mayai: mawili, yaliyopasuliwa juu ya majani na kuzungushwa humo hadi kila jani likapata utelezi wake. Na anakumbuka jinsi mwenye mgahawa alivyoyageuza majani kwenye bakuli kubwa la mbao, yakipanda na kushuka kama wimbi.

Inafaa kusimama kwenye upishi huu, maana ndio uliopotea kwa wengi wetu. Alipotaka kuandika kitabu chake, Child hakuitegemea kumbukumbu peke yake. Alimtafuta Rosa na kupata kwake utaratibu wa baba. Majani yalikuwa yale ya moyoni mwa letusi, machanga, na hayakukatwakatwa. Yaliwekwa mazima, mgeni akashika jani kwa kikonyo chake na kula kwa vidole. Mayai yalitumbukizwa kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja tu, yakatoka bado mabichi lakini mazito kidogo, kiasi cha kuyashikisha mafuta na maji ya limau yasitengane. Mkate ulipakwa mafuta yaliyolowekwa kitunguu saumu, ukakaushwa ukawa mkavu. Jibini ilikunwa hapo hapo. Yeyote aliyekula kachumbari iliyokatwa papo kwa papo, kisha akala iliyolala kwenye jokofu, anaelewa kwa nini Cardini hakuiacha kazi hii jikoni. Mafuta yakikaa juu ya majani kwa muda, majani hulegea. Saladi hii ina dakika chache za uhai.

Hapo ndipo ugomvi unapoanza, nao ni wa familia na wenzao wa kazini, kwa hiyo ni mchungu.

Rosa alizaliwa mwaka 1928. Usiku wa Julai 4, 1924 hakuwepo duniani. Alichosimulia ni alichosikia nyumbani, na nyumbani kwa Cardini hapakuwa na mdomo mmoja. Baba yake mdogo Alessandro, aliyejulikana kama Alex, naye alifanya kazi Tijuana kabla ya kwenda kuendesha migahawa katika jiji la Mexico. Alex, anayeelezwa kuwa aliwahi kutumikia jeshi la anga la Italia wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alidai kwamba saladi ni yake, na kwamba mwanzoni iliitwa saladi ya marubani. Saladi ya Alex ilikuwa na anchovi, samaki wadogo waliokaushwa kwa chumvi, jamaa wa dagaa mcheli wa pwani yetu.

Kisha kuna Paul Maggiora, mshirika wa akina Cardini katika biashara. Naye alitaja marubani, lakini mchanganyaji katika simulizi yake ni yeye mwenyewe: mwaka 1927, alisema, aliwatengenezea Wamarekani wa jeshi la anga waliotoka San Diego. Watu wawili, jina moja la saladi, wateja wale wale, na kila mmoja ameshika bakuli.

Dai linalonigusa mimi zaidi ni la Livio Santini. Huyu hakuwa ndugu wala mshirika. Alikuwa kijana wa Kiitaliano wa miaka 18, mpishi wa jikoni. Kwa maelezo yake, mwaka 1925 alikuwa akijitengenezea jikoni chakula alichojifunza kwa mama yake Italia, chakula cha watu wasio na kitu: majani, yai, mkate mkavu, mafuta. Kikatoka jikoni kikaingia ukumbini, na Caesar akakichukua. Santini aliishi Tijuana, na watu wa mji huo wanaomuunga mkono hawajanyamaza hadi leo.

Kuna hata wanaokiondoa chakula hiki Meksiko kabisa na kumpa Mwitaliano mwingine, Giacomo Junia wa Chicago, mwaka 1903. Dai hilo halina msingi wa kutosha na sioni sababu ya kulibeba.

Tuyapime mengine. Kama Child alikula saladi hii mwaka 1925 au 1926, na tayari ilikuwa na sifa iliyowavuta wazazi wake kutoka Pasadena, basi Maggiora na mwaka wake wa 1927 amechelewa. Angeweza kuwa mtu wa kwanza kuwaandalia marubani, si wa kwanza kuitengeneza. Alex ana hoja nzuri kuhusu anchovi, kwa kuwa Rosa alishikilia kwamba baba yake hakuzitia, na kwamba ladha ile ya samaki ilitoka kwenye sosi ya Worcestershire, ambayo yenyewe huundwa kwa anchovi. Inawezekana kabisa ndugu wawili walikuwa na saladi mbili, na dunia ikazikunja zikawa moja. Lakini ushahidi wa Child haumwondoi Santini. Binti aliyekaa ukumbini aliona mikono ya mwenye mgahawa. Mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa. Na katika migahawa, jana kama leo, chakula huanzia nyuma ya mlango huo, jina likapatikana mbele yake. Naamini Caesar Cardini ndiye aliyekipa chakula hiki kitoroli, bakuli la mbao na jina. Siamini kwamba alikuwa peke yake.

Mgahawa haukukaa mahali ulipoanzia. Katika miaka ile ile ya 1920 ulihamia jirani, kwenye jengo lililokuja kuwa hoteli ya Caesar's, na ndipo chakula na malazi vikawa chini ya paa moja. Neema haikudumu. Desemba 1933 Marekani ilifuta marufuku ya pombe, na mwaka 1935 Rais Lázaro Cárdenas akapiga marufuku kamari nchini Meksiko, kasino zikafungwa. Sababu mbili za kuvuka mpaka zikatoweka ndani ya miaka miwili. Cardini akahamia Los Angeles na familia yake.

Cha ajabu, hapo ndipo saladi ilipopata mbawa. Watu wa Hollywood walikuwa wameizoea, wakaidai kwenye migahawa ya kwao. Agosti 1946 mwandishi wa safu Dorothy Kilgallen aliwaarifu wasomaji wa New York kwamba chakula hicho kilichowashika wana Hollywood kilikuwa njiani kuja kwao, akaonya juu ya wingi wa kitunguu saumu. Katika orodha yake ya viungo anchovi zilikuwemo. Mwaka 1948 Caesar na Rosa wakasajili alama ya biashara ya rojo lao, wakaliuza kwenye chupa. Caesar alifariki Novemba 1956 huko Los Angeles. Rosa akaendesha kampuni hadi alipoiuza mwaka 1988, naye akafariki mwaka 2003.

Chupa hiyo iliilisha familia ya mhamiaji, na haki yao siigusi. Lakini chupa ndiyo iliyofundisha dunia kwamba saladi ya Caesar ni rojo la kumwagia. Katika hoteli zetu nyingi leo hutiwa hivyo, juu yake kifua cha kuku, bei ikapanda, na mhudumu aliyefundishwa kazi yake vizuri hana cha kufanya ila kubeba sahani. Tuna mayai, ndimu, vitunguu saumu na wapishi hodari. Hakuna kinachotuzuia kuichanganya mbele ya mgeni isipokuwa uvivu wa wenye hoteli kununua kitoroli na kumwamini mhudumu.

Jengo la Avenida Revolución lilibaki likipita mikono ya watu mbalimbali. Watalii walipungua baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, ukaguzi wa mpakani ulipokuwa mkali, na wakapungua zaidi vita vya magenge ya dawa za kulevya viliposhika mji. Mgahawa ukafunga milango. Mwaka 2010 familia ya Plascencia, wenye migahawa mjini Tijuana, akiwemo mpishi Javier Plascencia, waliuchukua na kuufungua tena.

Anayekula hapo leo huletewa kitoroli. Mhudumu huponda kitunguu saumu na anchovi kwenye bakuli la mbao, akatia haradali, sosi ya Worcestershire, pilipili manga, maji ya ndimu, kiini cha yai na jibini, kisha mafuta ya zeituni kidogo kidogo huku akikoroga, na mwisho majani mazima ya romaine na kipande cha mkate uliokaushwa. Anchovi zimo, wazi, ndani ya nyumba ya Caesar mwenyewe. Katika bakuli Alex ameshinda.

Kwa Caesar jina liko mlangoni, na sasa ana sanamu, na anastahili. Ombi langu kwa wakuu wa Tijuana ni kibao kimoja cha ziada kando yake, chenye majina ya Alex Cardini, Paul Maggiora na Livio Santini, na la Santini liwe la kwanza.